Maji Ambayo Hayajazinduliwa

Nchi ninayoisimulia ina jina, lakini kulitaja bila sifa zake zote ni kosa la jinai, na nikizitaja sifa zake zote hadithi itaishia hapo hapo. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, hayo ni yake, na mimi nampa pole.

Nilifika huko nikitokea kwetu, ng'ambo ya ziwa, kwa mkataba na Wizara ya Furaha na Mapokezi. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha Bendi ya Polisi matarumbeta kwa ajili ya sherehe za Jubilei. Polisi wa nchi ile ni hodari wa kupiga, sina ubishi. Kilichowashinda ni kupuliza. Nilipewa cheo cha Mtaalamu, nikapewa beji, nikapangishiwa chumba Mtaa wa Birika, nyumbani kwa Bi Siwema, mama mmoja muuza mkaa asiyependa maneno mengi.

Bi Siwema aliishi na mama yake, Bibi Mwantumu, ambaye miguu ilikuwa imemgomea siku nyingi lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Kutwa nzima alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba, dirisha wazi. Kila nilipofanya mazoezi uani, aliita kutoka ndani: "Mwanangu, huyo mnyama anakufa au anazaa?" Nikimjibu kwamba ni wimbo wa taifa, husema, "Basi anakufa." Nilimpenda yule bibi. Katika jiji lile zima alikuwa mtu pekee aliyenieleza ukweli kuhusu kazi yangu.

Sasa nieleze alama mpya ya jiji, maana ndiyo iliyotuleta wote hapa.

Jiji kuu lile lilikuwa na kero moja: majirani zake wote walikuwa na kitu cha kupigwa picha. Mmoja ana mnara, mwingine ana daraja, sisi kwetu tuna sanamu ya farasi ingawa farasi mwenyewe hatujawahi kumfuga. Wao hawakuwa na kitu. Wageni walikuwa wakifika, wanapiga picha madimbwi ya barabarani, wanaondoka zao. Mheshimiwa Rais akaudhika. Madimbwi hayakumuudhi, zilimuudhi picha.

Ndipo ikaamuliwa ijengwe Chemchemi ya Viganja vya Shukrani. Ni viganja viwili vya zege, vikubwa kuliko jengo la bunge, vimekingwa kuelekea mbinguni, na katikati yake maji yanatakiwa yaruke juu kisha yamwagike kwenye bwawa la marumaru. Viganja ni vya Mheshimiwa mwenyewe, alikaa akapimwa. Ilipogundulika kwamba mstari wa maisha kwenye kiganja chake cha kulia ni mfupi, mhandisi aliyeuchora jinsi ulivyo alihamishiwa mpakani, na mstari ukarefushwa. Ukapita kifundo cha mkono, ukashuka ukutani, ukavuka bustani, ukaishia kwenye mtaro wa maji machafu kwa kuwa saruji ilikwisha.

Mimi, kwa ugeni wangu, nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni ombaomba. Nilimuuliza mwenyeji wangu, Bwana Sifuni Lukwambe, Katibu wa Kamati ya Jubilei, kwa nini taifa zima limejenga sanamu ya kuomba. Alinitazama kwa huruma.

"Mtaalamu," akasema, "anayeomba hukinga viganja. Anayeshukuru pia hukinga viganja. Tofauti iko moyoni, na moyo wa Mheshimiwa hauonekani kwa macho ya kigeni."

Nikaomba radhi. Nilikuwa bado mpya.

Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu, maji. Katika jiji lile bomba lilikuwa likitoa maji pale linapojisikia, na bwawa la Viganja lilihitaji maji ya jiji zima. Kamati ikafunga mabomba ya mitaa yote na kuyaelekeza bwawani. Visima vikazibwa kwa zege, kwa sababu ilishukiwa kwamba maji ya chini ya ardhi yana mpango wa kutohudhuria. Maji ya chupa yakakusanywa madukani kote kwa ajili ya wageni wa nje. Watu walipoanza kunung'unika, Waziri wa Furaha alisimama mbele ya waandishi wa habari, akafuta jasho kwa leso yenye bendera, akasema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Ndugu wananchi! Wapo wapotoshaji wanaosema maji yamekatwa. Maji hayajakatwa. Maji yameitwa! Na mwenye adabu akiitwa na mkuu wa nchi, anaitika. Hiyo mnayoisikia kooni si kiu, ndugu zangu. Ni hamu ya Jubilei!"

Waandishi walipiga makofi, wakaandika.

Msomaji, nakwambia bila kuficha: jiji lilinuka. Mtaa wa Birika ulinuka vyoo, soko lilinuka samaki, hospitali sitaki hata kuikumbuka. Wizara ilinunua manukato ya mapipa ikayapulizia bendera, kwa hiyo upepo ukivuma ulipata kwanza waridi kisha uvundo, na huo mchanganyiko ulikuwa mbaya kuliko uvundo wenyewe. Kitu cha majimaji pekee kilichopatikana kilikuwa soda ya chungwa ya Jubilei, iliyogawiwa bure kila kona, chupa ina sura ya Mheshimiwa. Watu walinywa soda, wakapikia soda, wakanawia soda. Watoto walikwenda shule nyuso zinanata, nzi wamewafuata mpaka darasani. Na mimi Mtaalamu nikawa napokea chupa zangu za maji kutoka Wizarani, nakunywa na Bi Siwema na mama yake kwa kuibia, ndani, dirisha limefungwa. Siku Kamati ilipogundua kwamba mgeni anashiba maji kuliko itifaki inavyoruhusu, na mimi wakanihamishia kwenye soda.

Ni wakati huo ambapo Bibi Mwantumu alituita, mimi na binti yake, tukae karibu na kitanda.

"Mimi nakwenda," akasema, kama mtu anayeaga kwenda sokoni. "Siwema, utaniosha vizuri. Maji safi, usinipake pake tu. Vumbi la serikali hii nimelala nalo maisha yangu yote. Kaburini silitaki."

"Mama, acha maneno hayo," Bi Siwema akasema.

"Niahidi kwanza, ndiyo niache."

Bi Siwema akaahidi. Katika nchi ile, mtu haendi kaburini kabla hajaoshwa na mikono ya wanawe. Hiyo ilikuwa mila pekee ambayo serikali ilikuwa haijaitungia kanuni. Kumzika mzazi na jasho lake ni aibu isiyofutika. Hata watu wazima wakigombana, tusi la mwisho kabisa ni kuambiwa kwamba ulimzika mama yako mchafu.

* * *

Lazima nieleze na jambo jingine, vinginevyo msomaji atadhani watu nitakaowataja ni wendawazimu. Siyo. Ni watumishi wa umma.

Katika nchi ile kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Kinaweza kuwa kimejengwa, kimepakwa rangi, kimesimama mbele yako umekigonga na paji la uso, lakini kama mgeni rasmi hajakifunua kitambaa na kutamka neno "Ipo!", basi kisheria hakipo. Na mgeni rasmi wa kila kitu ni Mheshimiwa mwenyewe. Wizara yangu ilikuwa na choo kipya kabisa, kina vigae, kina kioo, kimefungwa utepe mwekundu mlangoni. Watumishi wote, na Waziri wao, walikuwa wakienda nyuma ya jengo, kwenye vichaka, wakisubiri Mheshimiwa apate nafasi. Kwenye zahanati ya mtaa wetu kulikuwa na kitanda cha kujifungulia kilichofunikwa shuka. Kina mama walijifungulia sakafuni, pembeni ya kitanda hicho, na muuguzi aliwaonya wakiwa katika uchungu wasiishike shuka.

Nilipouliza kwa nini mtu asifunue tu, walinitazama kama niliyeuliza kwa nini mtu asitembee uchi.

* * *

Bibi Mwantumu alifariki mchana, mkesha wa Jubilei. Nilirudi kutoka mazoezini nikamkuta Bi Siwema amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye kitanda cha kamba, mikono yake yenye mkaa ameiweka mapajani. Hakuwa analia. Alisema tu, "Mwalimu, mama ametutoka. Nipeleke kwa huyo Katibu wako."

Nje ya ofisi ya Kamati tulikuta askari wanaosha magari ya msafara. Mipira ya maji ilikuwa imefunguliwa, povu limetapakaa, maji yanakwenda mtaroni kwa raha zake. Bi Siwema alisimama akayatazama. Alipoinama kidogo, askari mmoja akamwambia, "Mama, hayo ni ya msafara."

Ndani, Bwana Sifuni alitupokea kwa heshima zote. Nilimweleza habari ya msiba.

"Pole sana, mama. Poleni sana. Marehemu alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mzee, baba," Bi Siwema akasema.

"Basi hapo kidogo tunalaumiana. Jubilei imetangazwa tangu mwaka jana. Misiba yote iliombwa isubiri."

"Nataka ndoo ya maji tu nimwoshe mama yangu. Sina shida nyingine na serikali."

"Maji hayapo, mama."

"Bwawa limejaa. Nimeliona kwa macho yangu."

"Umeona kitu ambacho hakijazinduliwa. Kwa hiyo hujakiona." Bwana Sifuni alisema hivyo bila kejeli hata chembe. Alikuwa anamwelimisha.

"Na yale ya magari?"

"Yale yalizinduliwa na msafara wa kwanza kabisa, enzi hizo wewe bado msichana. Hayana tatizo, ila ni ya magari." Akafikiri. "Mheshimiwa atayazindua maji ya Viganja kesho. Akishatamka 'Ipo', maji yatakuwepo. Kisha kutakuwa na mapumziko ya kitaifa. Kisha unaleta maombi yako kwa utaratibu. Tuseme mtondogoo."

"Kwa joto hili, baba? Mama yangu akae mpaka mtondogoo?"

"Mama, nikwambie kitu. Katika raia wote wa nchi hii, hakuna wenye subira kama marehemu. Tangu nishike ofisi hii sijapokea lalamiko hata moja kutoka kwao." Akatabasamu kunitia moyo mimi, maana aliona nimebadilika rangi. "Lakini serikali haiwezi kukuacha mikono mitupu. Hapana! Mheshimiwa hataki hivyo."

Akainama nyuma ya meza, akavuta kreti, akaisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Bi Siwema. Ilikuwa soda ya chungwa.

"Bado ya baridi," akasema. "Mkimwoshea taratibu, haitatoa povu jingi."

Nimeishi nje ya kwetu miaka mingi na nimeona mambo, lakini lile lilinishinda. Nilimwona Bibi Mwantumu ananata, nzi wanamzengea. Nilitaka kumshika yule mtu shati. Nilikuwa na mkataba, nikatazama dirishani.

Bi Siwema akasema, "Ahsante, baba. Mama hakuwa mtu wa vitu vitamu." Akatoka.

Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Kesho vikundi vya wananchi vitapita mbele ya Mheshimiwa na zawadi?"

"Vitapita," nikasema. "Na vitasimama pale pale bwawani."

"Zawadi zinafunikwa?"

"Zinafunikwa kanga yenye picha yake. Zisipofunikwa hazipokelewi."

"Anafunua nani?"

"Yeye peke yake. Afisa wa usalama akithubutu kuchungulia anafungwa, ni sawa na kuzindua bila mamlaka."

Nilijua anachokiwaza, na nilitamani sana nisingejua.

* * *

Jubilei ilipambazuka kwa mizinga. Viganja vilikuwa vimefungwa utepe mkubwa kwenye vidole gumba, na chini yake jukwaa la waheshimiwa limepambwa maua ya plastiki. Mabalozi walikaa mstari wa mbele, kila mmoja na chupa yake ya maji. Wananchi walikuwa nyuma ya kamba, wamevishwa fulana za shukrani, wanatazama zile chupa. Bendi yangu ilipangwa kando ya bwawa, jirani na lango la vikundi, kwa hiyo yaliyotokea langoni niliyasikia yote.

Kina mama wa Mtaa wa Birika walifika wamejifunga sare, zile kanga za Jubilei zilizogawiwa kila nyumba. Mabegani walibeba kitanda cha kamba, na juu ya kitanda kitu kirefu kilichofunikwa kanga, uso wa Mheshimiwa umetulia katikati, unatabasamu. Walikuwa wakiimba wimbo wa msiba, polepole, kwa sauti nzito.

"Kikundi gani?" Afisa wa itifaki akauliza.

"Kina mama wa Mtaa wa Birika," akajibu Bi Siwema.

"Sare mnazo. Zawadi mnayo?"

"Tunayo."

"Imefunikwa?"

"Si unaona?"

Afisa akavuta pumzi puani, akakunja uso kidogo, lakini jiji lote lilikuwa linanuka na yeye mwenyewe hakuwa ameoga. Akasema, "Piteni, piteni, msiharibu mstari." Kwenye kipaza sauti mshereheshaji akatangaza kwamba kina mama hao wanaimba utenzi mpya wa kumsifu Mheshimiwa, na jukwaa zima likaanza kupiga makofi kufuata mdundo wa msiba.

Niliwaangalia wapuliza matarumbeta wangu, nao wananiangalia, hawajui lolote.

Mheshimiwa alisimama. Alitoa hotuba ambayo sitairudia, kwa kuwa ni ile ile ya kila mwaka, ila safari hii mahali pa neno "barabara" liliwekwa neno "maji". Kisha akabonyeza kitufe. Kwanza Viganja vilikohoa. Vikatema tope, vikatema chura mmoja, halafu maji yakaruka juu, meupe, mengi, maji ambayo watu hawakuyaona miezi mingapi sijui, yakapanda mpaka yakapita vidole, yakaanza kuanguka bwawani kwa kishindo.

"Ipo!" akasema Mheshimiwa.

"Ipo!" wakaitikia wananchi. Halafu, nilichokiona ndicho ambacho hadi leo kinanitia uchungu nikikaa kula: watu wazima nyuma ya kamba, wazee wenye ndevu, wamenyoosha shingo na kutoa ndimi nje ili kama tone litapeperushwa na upepo liwaangukie. Polisi waliwapiga virungu waliojinyoosha kupita kamba. Mabalozi walipiga picha.

Zikafuata zawadi. Wafugaji walileta fahali aliyefungwa mto tumboni ili aonekane amenona. Wafanyabiashara walileta saa kubwa ya ukutani iliyosimamishwa kwenye saa aliyozaliwa Mheshimiwa. Kila alipofunua alisema "Ipo!", wakaitikia, zawadi ikaondolewa. Kisha kitanda cha kamba kikawekwa mbele yake.

Alikuwa na mbwembwe zake za kufunua: hushika pembe ya kanga, hugeuza uso kwa wapiga picha, hutamka neno, ndipo hutazama. Alifanya hivyo hivyo. "Ipo!" akasema, meno yote nje. "Ipo!" likaitikia taifa. Kisha akatazama.

Bibi Mwantumu alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, ukanda wa kitambaa umemfunga kidevu. Usoni bado alikuwa kama anayetaka kusema neno.

"Nani huyu?" Mheshimiwa akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mama yangu, Mheshimiwa," Bi Siwema akasema. "Tumekuja kumwosha. Maji si umeshayazindua?"

Mheshimiwa akamtazama Waziri, Waziri akamtazama Bwana Sifuni, Bwana Sifuni akaitazama ratiba yake kama kwamba huenda jambo hili limo. Kilichozinduliwa hakizinduliwi upya, na hakuna sheria ya kufunika. Kamera zote zilikuwa zimemwelekea Mheshimiwa, naye bado ameshika kanga. Mshereheshaji, ambaye kibanda chake kiko juu na macho yake si mazuri, akanguruma: "Mheshimiwa Rais amepokea zawadi ya kina mama kwa furaha isiyo na kifani!" Makofi yakalipuka.

"Yamezinduliwa," akasema Mheshimiwa, kwa kuwa alikosa neno jingine.

Bi Siwema hakusubiri ziada. Kina mama wakasogeza kitanda mpaka ukingoni mwa bwawa, wakavua kanga za juu, wakazinyoosha kwa mikono kuwa stara pande zote, nyuso za Mheshimiwa zikatazama nje kwa mduara mzima. Ndoo walizokuja nazo zikazama bwawani zikatoka zimejaa.

Ndipo Kamanda wa Polisi akazinduka. Nilimwona anashuka jukwaani na fimbo yake, vijana wake nyuma, na uso wake sikuhitaji kutafsiriwa. Walikuwa wanakwenda kuzipiga zile kanga na waliozishika, na kile kitanda wakipindue.

Sikuwa nimepanga lolote, naapa. Mimi ni mtu mwoga, nilikuja kufundisha matarumbeta. Lakini nilikuwa na kijiti changu mkononi, nikakiinua, nikawaambia vijana wangu, "Wimbo wa taifa!"

Wakapuliza.

Kamanda aliganda, mguu mmoja uko ngazi ya juu na mwingine ya chini. Mheshimiwa aliganda. Mawaziri, mabalozi, askari, wauza bendera, mpaka mshereheshaji, wote waliganda, mikono vifuani, macho mbele. Wimbo wa taifa ukipigwa, mtu hatikisiki. Hilo hata fahali wa wafugaji alionekana kulijua. Katika uwanja mzima kulikuwa na kitu kimoja tu kinachokwenda, nacho ni zile ndoo.

Wimbo ukafika mwisho. Sajini Kiboge, mpuliza tarumbeta kubwa, akaninong'oneza, "Mwalimu, umeisha."

"Rudia."

Wakarudia. Ulipoisha tena akanitazama. Nikamwambia, "Rudia, Kiboge." Kufikia hapo alikuwa ameshageuza jicho, amewaona kina mama, amejua. Hakuuliza tena. Alivuta pumzi mpaka vifungo vya sare vikalia, akaanza mwenyewe bila kungoja kijiti changu. Midomo yao ilivimba. Mmoja alitoka damu, akapangusa kwa mkono, akaendelea.

Upepo ukageuka ukaleta mvua ya Viganja jukwaani. Mabalozi wakalowa, hawawezi kujifunika. Rangi nyeusi ya nywele za Mheshimiwa ikaanza kutiririka masikioni, ikashuka shingoni, ikaingia kwenye kola nyeupe, naye macho mbele, mkono kifuani, anapakwa rangi yake mwenyewe. Sitasema uongo, nilifurahi.

Kila tulipomaliza ubeti na vijana kuvuta pumzi, kulikuwa na kimya kifupi, na katika kimya hicho sauti ya Bi Siwema ilisikika nyuma ya kanga, imetulia, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Geuka kidogo, mama... Inua mkono. Hivyo hivyo... Huku nyuma ya sikio, ulikuwa unapenda pasuguliwe."

Niliuongoza wimbo wa taifa lile huku nalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza na ya mwisho.

Walipokwisha walimfunga sanda nyeupe waliyokuwa wameibana chini ya kitanda, wakamwinua mabegani. Vijana wangu walikuwa wanaishiwa, sauti zinakatika, lakini nilikishikilia kijiti juu. Bibi Mwantumu alipita katikati ya jeshi lililosimama wima, mabalozi wamelowa chapachapa, Kamanda mguu mmoja juu. Nyuma ya kamba, wananchi walivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewaamuru. Nilishusha kijiti baada ya kanga ya mwisho kukata kona kuelekea makaburini.

* * *

Walinikamata, bila shaka. Nilikaa kwenye chumba kisicho na dirisha nikiwaza ng'ambo ya ziwa na kama nitaiona tena. Lakini asubuhi mlango ulifunguliwa na Bwana Sifuni mwenyewe, amebeba magazeti na shada la maua ya plastiki.

Mabalozi, kumbe, walikuwa wamelia. Walipoweza tena kutikisika waliandika kwao kwamba hawajawahi kuona sherehe iliyowagusa kama ile: taifa zima kusimama kimya mvuani kwa ajili ya mama mmoja maskini. Pongezi zikamiminika. Magazeti yote yaliandika kwamba Mheshimiwa, katika unyenyekevu wake, alibuni mwenyewe Ibada ya Viganja na akakubali kuloweshwa na kupakwa weusi kama ishara ya maombolezo. Kamanda alipandishwa cheo kwa ukakamavu wa kusimama kwa mguu mmoja. Mimi nikavishwa nishani na mkataba ukaongezwa. Niliipokea, msomaji. Ningeikataa ningebaki ndani ya kile chumba. Ninayo sandukuni, na kila nikiigusa nanawa.

Viganja viliruka maji wiki moja, pampu ikafa. Bwawa likageuka kijani, mbu wakahamia, wageni wakawa wanapiga picha mbu. Mabomba ya mitaa hayakufunguliwa, kwa kuwa aliyeijua ramani yake ndiye yule mhandisi wa mpakani.

Arobaini ya Bibi Mwantumu ilipopita, Bwana Sifuni alikuja Mtaa wa Birika na ujumbe wa Kamati. Wakaketi mkekani uani, wakakataa soda. Bi Siwema alikuwa anachambua mkaa, hakusimama.

"Mama," Bwana Sifuni akaanza, "serikali inakushukuru. Umeliletea taifa sifa. Sasa Mheshimiwa ameelekeza kwamba ibada ile iwe ya kila mwaka, na heshima ya kwanza ameirudisha hapa hapa mtaani kwenu." Akashusha sauti, akamsogelea. "Kwa Jubilei ijayo, je, kuna mzee yeyote jirani ambaye... anaelekea? Awe mwembamba kama marehemu, kitanda kisiwe kizito. Na safari hii tungeomba ajitahidi kufuata ratiba."

Kina mama waliokuwa uani waliacha walichokuwa wakifanya.

Bi Siwema aliweka kipande cha mkaa chini, akamtazama Katibu usoni.

"Mwambie Mheshimiwa asihangaike kutafuta mtu wa kuoshwa," akasema. "Mwakani zamu iwe yake. Akitangulia tu, mtuite. Sisi kina mama wa huku tutamwosha vizuri, tutamwosha mpaka ang'are. Maji yake tutayatafuta wenyewe, hata kama ni kwa kijiko."

Bwana Sifuni aliguswa mpaka machozi yakamlenga. Alisimama, akaushika mkono wa Bi Siwema kwa mikono yake yote miwili, akasema kwamba uzalendo wa namna hiyo hajauona tangu aingie serikalini, na akaahidi kwamba salamu hizo atazifikisha kwa Mheshimiwa neno kwa neno.